ZOTE NI MOJA?! Yule mwenye koti la ngozi na shauri lake la bima ya paka

Mama_Nyau_Lushi

Jina silitaji. Munamjua. Yule anayevaa koti la ngozi hata Oktoba, Lushi (Lubumbashi, Kongo) yote ikichemka kama sufuria ya bukari, ugali wetu.

Leo asubuhi, kwenye grupu letu la WhatsApp la ndugu wa hapa na wa Ubelgiji, dada mmoja wa Liège kauliza swali la heshima kabisa. Ana paka dume wa miaka 5, amehasiwa, mwaka jana aliziba mkojo mara moja. Anataka kumkatia bima, ana kontra (mikataba) tatu mezani, achague ipi? Yule bwana akajibu kwa ujumbe wa sauti. Sekunde nne! Nimezihesabu. "Chukua ya bei ndogo, mama, zote ni moja." Halafu akacheka.

Zote ni moja! Basi na mto Lubumbashi na ziwa Tanganyika ni kitu kimoja, si vyote vina maji?

Ile ya bei ndogo ni ya ajali tu. AJALI TU. Paka akigongwa na gari, akidondoka kutoka ghorofa ya tatu akavunja mguu, wanalipa. Akiziba mkojo hawalipi, maana huo ni ugonjwa. Na huyu ni dume, na ameshaziba! Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba mno, inazibwa na vichangarawe vilivyoshikana na ute. Akiziba anaingia kwenye sanduku la mchanga, anachuchumaa, anajikaza, analia, anatoka, anarudi tena, na mchanga umebaki mkavu. Mwenye paka anadhani amefunga choo. Kumbe potasiamu inapanda kwenye damu na moyo unakaribia kusimama. Siku moja mpaka tatu, paka amekwisha. Hapo veterineri, daktari wa wanyama, anatia katheta, yaani mrija wa kutoa mkojo, anamlaza na dripu siku kadhaa, na ugonjwa huu una tabia ya kurudi. Ukizidi kurudi, anapasuliwa ili njia ipanuliwe. Fatura ya mambo hayo yote ndiyo dada anayoiogopa, na mtu anamjibu kwa sekunde nne na kicheko juu yake!

Neno la kwanza la kutafuta kwenye zile kontra tatu ni "ugonjwa wa kabla". Ameziba kabla ya kusaini, kwa hiyo nyingi zitaacha mkojo nje. Zingine hukubali kuutazama upya ikiwa imepita miaka 2 bila dalili wala dawa. Aulize kila mmoja, na jibu alipate kwa maandishi kabla hajalipa hata senti. Na asidanganywe kuandika "hapana" kwenye fomu ya afya! Siku ya kudai pesa wataomba faili lote kwa veterineri, na tarehe ya katheta iko mle.

Zote ni moja, anasema. Kuna kontra inayolipa kila ugonjwa miezi 12 tu kisha inaufunga. Paka akipata kisukari, insulini ni mara mbili kwa siku, mwezi wa 13 unalipa mwenyewe. Kuna nyingine ambayo kikomo chake kinaanza upya kila mwaka, ugonjwa uleule unaendelea kulipiwa mradi usiache kulipa. Hiyo ya pili ni ghali, ndiyo, na kwa paka dume ndiyo yenye maana. Mtu mzima, mwenye koti, haoni tofauti?

Nimeisikiliza ile sauti mara kumi na mbili. Kile kicheko, jamani. KILE KICHEKO.

Katuba_Juu

Yaya, umeandika kontra ya nne hapa. Asiransi ya paka, paka vile? Watu wenyewe hawana asiransi.

Mama_Nyau_Lushi

Katuba, mdogo wangu, dada aliuliza kwa sababu kule Liège daktari hamtoi paka mpaka fatura ilipwe. Usicheke kama yule.

Hesabu_Safi

Umesahau franshizi, yaya, ile sehemu unayobeba mwenyewe. Nayo si moja. Chukua fatura ya euro 1,200, franshizi 150, na wewe unabeba asilimia 20. Wakitoa franshizi kwanza, inabaki 1,050, asilimia 20 ni 210, unarudishiwa 840. Wakitoa asilimia kwanza, inabaki 960, ondoa 150, unarudishiwa 810. Euro 30 zimepotea kwa mpangilio wa sentensi tu. Na atazame kama franshizi ni mara moja kwa mwaka au kwa kila ugonjwa. Ikiwa kwa kila ugonjwa, paka mwenye meno mabovu na mkojo mubaya anailipa mara mbili.

Mama_Nyau_Lushi

ASANTE. Umeona? Hata hesabu ya mtu mmoja inatoa majibu mawili. Na yule: sekunde nne!

Golf_Kwa_Utulivu

Aongeze muda wa kungoja, zile siku baada ya kusaini ambazo hawalipi bado. Uingereza mara nyingi ni siku 14 kwa magonjwa, Ufaransa inaweza kupita mwezi, na upasuaji miezi kadhaa. Ukisaini leo paka akaanza kukohoa kesho, hicho kikohozi ni chako. Na chanjo ya tifusi ya paka (kuhara kunakoua) na ya koriza (mafua ya paka) zikipitwa na tarehe, magonjwa hayohayo hawayalipi. Meno pia, wengi wanadai yawe yamepimwa kila mwaka.

Lakini yaya, yule bwana hajambo. Alinisaidia kupata mtu wa mabati.

Mama_Nyau_Lushi

Mabati si paka!!

Bel_Air_Mzee

Watoto wangu, munapigania kontra za Wazungu. Hapa kwetu sheria namba 15/005 ya 17 Machi 2015 ilifungua soko la bima kwa makampuni binafsi, na bima za lazima ni za gari, moto, ujenzi, mizigo inayoingia. Paka hayumo. Bima ya paka wa Lushi ni kopo. Weka dola 5 kila juma, mwaka una 260, usiziguse hata kwa harusi. Na ujue mapema njia ya kufika kwa veterineri. Chuo chetu kikuu kina kitivo kizima cha udaktari wa mifugo, lakini watu wanakimbilia duka la dawa.

Ruashi_Mama_Watatu

Baba, umegusa donda! Yule muuza dawa wa barabara yetu, wa Ruashi wote munamjua, anawapa watu parasetamoli wampe paka mwenye homa! Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaua paka. Ini lake haliwezi kuivunja ile dawa. Damu inageuka rangi ya chokoleti, fizi zinakuwa za kijivu, uso na miguu vinavimba, anahema. Na huyo jamaa anasema "gawanya nusu tu". Nusu! Huyu ni mubaya kuliko wenu wa koti.

Katuba_Juu

Nusu ya nini? Hii nayo inashinda sekunde nne.

Ruashi_Mama_Watatu

Na dawa ya viroboto ya mbwa, ile ya kudondosha mgongoni! Yenye permetrini. Ukimwekea paka anatetemeka mwili mzima mpaka degedege. Muoshe haraka kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha mbio kwa daktari. Yule muuza dawa anauza ileile kwa wote.

Njia_ya_Luano

Mimi hasira yangu ni juu ya wale wa kusafirisha paka. Kuna mmoja anawaambia watu paka anafika Ulaya kwa wiki mbili. Mwongo! Kutoka Kongo, chipu kwanza (kile kidude cha namba chini ya ngozi), kisha chanjo ya kichaa cha mbwa, ungoje siku 30, damu ipimwe kwenye maabara wanayoikubali, kinga yake ifike 0.5 IU kwa mililita, kisha miezi 3 tangu siku ya kutoa damu. Jumla ni miezi minne. Chanjo ikitangulia chipu, haihesabiwi, unaanza upya.

Bel_Air_Mzee

Na hiyo chanjo ilale kwenye baridi ya digrii 2 mpaka 8. Ikikaa kwenye joto muda mrefu, nguvu yake inaweza kupungua.

Mama_Nyau_Lushi

Jamani, tulikuwa kwenye ZOTE NI MOJA.

Ruashi_Mama_Watatu

Mzee, friji yangu ya kawaida inatosha? Kwenye mlango au katikati?

Bel_Air_Mzee

Katikati, mama. Mlangoni joto linapanda kila ukifungua. Isigusane na barafu, ikiganda imekufa. Weka chupa za maji rafu ya chini zishike baridi, na kipimajoto kando ya chanjo.

Katuba_Juu

Kipimajoto kinauzwa wapi? Kule Kenya niliona cha dola 3, ni kizuri?