Apra, CFRE au kikundi cha wenzako: mtafiti wa wafadhili aanzie wapi?

Mtafiti_Pekee

Wakuu, habari za kazi.

Naombeni ushauri kwa mlio kwenye utafiti wa wafadhili. Nina miaka miwili na nusu kwenye shirika lisilo la kiserikali, na kitengo cha utafiti ni mimi peke yangu. Kazi mnaijua: mkurugenzi anakutana na mtu Alhamisi, Jumanne jioni nadaiwa taarifa ya mfadhili mtarajiwa. Kurasa mbili. Ana uwezo gani wa kutoa, ameshawahi kutoa wapi, nani kwetu anamfahamu. Naandika, natuma, najibiwa asante. Tangu nianze sijapata mtu wa kuniambia hapa umepatia, hapa umebahatisha.

Mwaka huu nimekubaliwa kulipiwa kitu kimoja cha kujiendeleza. Ninavyoona, kuna uanachama wa Apra, chama cha watafiti wa wafadhili, pamoja na mkutano wao wa mwaka, kuna CFRE, cheti cha kitaaluma cha wachangishaji fedha, na kuna kozi ya uchambuzi wa data (lugha za kompyuta: SQL kwanza, halafu R au Python). Au nisilipiwe chochote, nitegemee mafunzo ya bure na vikundi vya mtandaoni.

Moyo unavutwa na CFRE, kwa sababu wakubwa wangu wanakitambua. Ila nataka kusikia kwa waliopita njia hizi wenyewe.

Karani_wa_Ruzuku

Mkuu, mimi ninacho CFRE na ninakithamini, lakini wewe bado hujafika mlangoni. Wanataka miezi 36 ya kazi ya uchangishaji ndani ya miaka mitano iliyopita. Miaka yako miwili na nusu ni miezi 30. Juu ya hapo unahitaji pointi 80 za mafunzo na pointi 55 za utendaji, ndipo ukubaliwe kukaa kwenye mtihani. Mtihani wenyewe ni maswali 200 kwa saa nne.

Pointi za utendaji ndizo huwatisha watafiti, maana tunadhani zinatokana na fedha ulizochangisha mwenyewe tu. Sivyo. Miradi ya usimamizi na ya mawasiliano nayo inahesabiwa. Mimi nilijaza mradi wa kupanga upya kanzidata yetu ya wafadhili.

Sasa tuangalie kinachopimwa. Mtihani una maeneo sita, na utafiti wa wafadhili waliopo na watarajiwa ni eneo moja tu. Mengine ni kupata mchango wenyewe, kujenga uhusiano, kushirikisha wanaojitolea, uongozi na usimamizi, halafu maadili na uwajibikaji. Kwa hiyo ukisomea CFRE utaelewa vizuri sana kazi ya wenzako wanaokutana na wafadhili. Hilo lilinisaidia, kwa kuwa nilianza kuandika taarifa zinazojibu maswali yao badala ya yangu. Ila ukitaka uwe mtafiti hodari zaidi mwezi ujao, cheti hiki hakitakufanya hivyo. Na ukikipata, kumbuka kinahuishwa kila baada ya miaka mitatu.

Mama_Takwimu

Namuunga mkono Karani. Mimi nasema Apra, na nitaeleza kwa nini, pamoja na pale inapopwaya.

Kirefu chake ni Association of Professional Researchers for Advancement. Ilianza Marekani miaka ya 1980 kama American Prospect Research Association, na hadi leo ndicho chama nilichokiona kimejengwa kwa ajili ya watu wa kazi yetu hasa. AFP, chama cha wachangishaji fedha, ni kubwa na kongwe zaidi, ya tangu 1960, lakini pale mtafiti ni mgeni kwenye nyumba ya wachangishaji. CASE, chama kingine, nayo imejikita kwenye vyuo na shule. Kwa Apra huhitaji kuanza kueleza kazi yako ni nini.

Kilichonifaa zaidi kwenye mkutano wao kilitokea mezani, wakati wa chakula cha mchana. Tulikaa watu sita, kila mmoja mtafiti pekee kwenye shirika lake. Dada mmoja akatoa karatasi, akachora jinsi anavyoandika uwezo wa mfadhili. Mimi wakati ule nilikuwa naandika tarakimu moja nene juu ya ukurasa, mtu huyu anaweza kutoa kiasi fulani, basi. Yeye aliandika kiwango cha chini na cha juu, chini yake mistari mitatu: hisa zinazoonekana kwenye nyaraka za wazi ni kiasi hiki, mali isiyohamishika kiasi hiki, michango aliyokwisha kutoa kwingine kiasi hiki. Pembeni ya kila mstari akaweka herufi ya uhakika, A kwa kilichothibitishwa kwenye waraka rasmi, B kwa kilichoandikwa na gazeti, C kwa makadirio yake mwenyewe. Ofisa anayekwenda kukutana na mfadhili akisoma, anajua ni wapi pa kukanyaga kwa nguvu na wapi anyate. Nilirudi ofisini nikabadilisha taarifa zangu zote wiki hiyo hiyo.

Inapopwaya ni kwamba mifano mingi ni ya Marekani. Utafundishwa kusoma Fomu 990-PF, ambayo taasisi binafsi za ufadhili za kule huwasilisha kila mwaka zikitaja kila ruzuku waliyotoa na majina ya wajumbe wa bodi zao za wadhamini. Utafundishwa kutafuta hisa za wakurugenzi kwenye EDGAR, hifadhi ya nyaraka za kampuni zilizo kwenye soko la hisa. Hazina kubwa, kama wafadhili wako wako huko. Kama hawako huko, utachukua mbinu tu, vyanzo utajitafutia mwenyewe.

Jicho_la_Pili

Ndugu Mtafiti_Pekee, kuna sentensi yako imenigusa, kwamba hupati wa kukuambia umekosea. Ugonjwa umeutaja mwenyewe, halafu dawa unaitafuta kwenye vyeti.

Nikupe kisa changu. Niliandika taarifa ya bwana mmoja mfanyabiashara. Nikamkuta ni mkurugenzi kwenye kampuni tatu zilizosajiliwa Uingereza, moja kubwa mno. Makadirio ya uwezo wake yakapanda mara nne. Kabla sijatuma, nikampelekea mwenzangu wa shirika lingine muundo wa hoja yangu bila jina la mtu, nikamuuliza kama hesabu imekaa sawa. Hesabu hakuigusa. Aliniuliza swali moja tu: umejuaje kwamba hawa watatu ni mtu mmoja?

Nikarudi Companies House, daftari la serikali la kampuni za Uingereza. Pale kila mkurugenzi anaonyeshwa mwezi na mwaka wa kuzaliwa, siku wanaificha. Kampuni mbili ndogo, mwezi na mwaka vinalingana. Ile kubwa, tofauti ya miaka kumi na moja. Jina lilikuwa lile lile, la kwanza na la mwisho, lakini watu wawili. Ningetuma vile, mkurugenzi wetu angeingia kwenye kikao na kuomba mchango ambao yule bwana hakuwa na uwezo nao hata kidogo, na uhusiano wa miaka ungeharibika mchana mmoja.

Tangu siku hiyo tuko watu watano, tunakutana kwa simu kila wiki ya pili, saa moja. Mmoja analeta kazi, wanne wanauliza maswali. Hakuna ada, hakuna cheti. Katika mambo yote niliyofanya ya kujiendeleza, hili ndilo lililonikuza.

Mzee_wa_Faragha

Jicho_la_Pili, kisa kizuri, na nimefurahi umesema bila jina la mtu. Hapo niongeze, maana vikundi vya namna hiyo vinaweza kumponza mtu.

Desemba 2016 mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Uingereza, ICO, ilizitoza faini RSPCA, shirika la kutetea wanyama, pauni 25,000 na British Heart Foundation, shirika la magonjwa ya moyo, pauni 18,000. Miongoni mwa makosa yaliyotajwa ni kuwachuja wafadhili kwa utajiri bila wao kuelezwa ipasavyo, na kubadilishana taarifa zao na mashirika mengine. Aprili 2017 mashirika mengine 11 yakatozwa. Kuchuja kwa utajiri ndiyo kazi yetu ya kila siku, wakuu. Mwaka uliofuata GDPR, sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, ikaanza kutumika Ulaya, na kosa la pauni elfu chache likawa na uwezekano wa kugharimu mamilioni.

Kwa hiyo chochote utakacholipia, kwanza hakikisha kina somo la maadili na sheria ya taarifa binafsi. Apra wana tamko lao la maadili, lisome hata kabla ya kujiunga. Uingereza kuna kundi la Researchers in Fundraising chini ya Chartered Institute of Fundraising, na wale wenzetu wamelijua jambo hili kwa uchungu, hivyo mijadala yao ni ya kina kweli.

Mimi huwafundisha vijana kitu kimoja: andika kila mstari ukijua mfadhili ana haki ya kuomba kuuona. Chini ya GDPR anayo haki hiyo. Ukiandika "ameachana na mke, nyumba imeuzwa" kwa sababu tu umeikuta mtandaoni, jiulize utamweleza nini akiisoma. Kama haihusiani na mchango, ifute.

Kanzidata

Kuhusu kozi ya data, nitasema kwa kifupi. Mimi ndiyo kazi yangu, na nakushauri usianze nayo.

Fungua kanzidata yenu leo. Angalia wafadhili wangapi wamerudiwa mara mbili, wangapi hawana tarehe ya mchango wa mwisho. Kama ni wengi, Python itakusaidia kukosea kwa haraka zaidi. Safisha kwanza. Kisha panga wafadhili kwa mambo matatu: alitoa lini mara ya mwisho, ametoa mara ngapi, ametoa kiasi gani. Hilo unaliweza kwa Excel. Mara nyingi utamkuta mtu anayetoa kidogo kila mwaka kwa miaka kumi na mbili na hakuna aliyewahi kumpigia simu. Huyo ana thamani kuliko tajiri asiyewajua.

SQL jifunze, ndiyo, ila masomo yake ya bure yametapakaa. Usiitumie nafasi yako moja hapo.

Karani_wa_Ruzuku

Na kwa upande wa bure tusisahau Candid, iliyozaliwa 2019 Foundation Center na GuideStar zilipoungana. Wana mafunzo ya bure mtandaoni, na wana mtandao wa maktaba na vituo vinavyokuruhusu kutumia hifadhi yao ya taasisi za ufadhili bila malipo ukiwa pale. Kwa mtafiti wa ruzuku za taasisi ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwa watu binafsi, msaada wake ni mdogo.

Mtafiti_Pekee

Asanteni sana wakuu, nimesoma kila neno. Kisa cha tarehe za kuzaliwa kimenikosesha usingizi. Nimefungua taarifa zangu nne za mwezi uliopita, na kwenye moja sina ushahidi kwamba mdhamini wa taasisi ninayemtaja ndiye mtu wetu. Nimemwandikia ofisa asubuhi hii asiitumie hadi nithibitishe. Kwa bahati kikao bado.

CFRE nimekubali, si wakati wake. Nabaki na Apra na kikundi. Mama_Takwimu, je, uanachama bila mkutano una maana yoyote? Nauli inaweza isipatikane. Na Jicho_la_Pili, kikundi mtu anakipataje kama hamjui yeyote?

Mama_Takwimu

Una maana, ila ukikaa kimya hautakusaidia kitu. Ingia kwenye mijadala yao, jibu maswali hata madogo. Kuna pia PRSPCT-L, orodha ya barua pepe ambayo watafiti wamekuwa wakiulizana humo kwa miaka mingi. Mimi nilisoma miezi sita bila kuandika, nikijiona mdogo, na naijutia ile miezi sita. Siku niliyouliza swali la kwanza nilijibiwa na watu wanne kabla ya jioni, na mmoja wao ndiye aliyenitafutia kazi niliyo nayo.

Karani_wa_Ruzuku

Na saa za mafunzo utakazopata Apra tunza ushahidi wake. Zikiwa za uchangishaji na ziko ndani ya miaka mitano, utazidai kwenye zile pointi 80 ukifika wakati wa CFRE. Mimi nilipoteza saa nyingi kwa kutotunza ratiba za semina.

Jicho_la_Pili

Kikundi chetu kilianza na watu wawili. Nilimwandikia mtafiti niliyesikia akiuliza swali zuri kwenye semina ya mtandaoni, nikamwambia swali lako limenifundisha, je, unaweza kuangalia kazi yangu moja nami niangalie yako? Watu wa kazi hii wako peke yao wengi, wanasubiri kuulizwa. Usitafute aliyekuzidi sana, tafuta aliye hatua mbili mbele yako.

Ila kuna jambo Mzee_wa_Faragha amelisema nusu. Kuondoa jina hakutoshi. Ukiacha kampuni, mji na mwaka wa mchango, mtu anamtambua kwa dakika mbili. Sisi tunaondoa vyote hivyo na kubadilisha tarakimu, tunabaki na muundo wa hoja: chanzo gani kimetumika, kimethibitishwaje, hesabu imefikaje pale. Kinachokosolewa ni fikra zako, mfadhili hana haja ya kuwepo mezani.

Mmoja wetu amehamia kazi nyingine, tumebaki wanne. Ile taarifa yenye mdhamini usiyemthibitisha, ikishatulia, iandae hivyo halafu niandikie faragha. Tunakutana Jumatano.

Mtafiti_Pekee

Naiandaa usiku huu.