Tamthilia za nje: sauti za Kiswahili au maandishi ya chini?

Mleta mada, Temeke: Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou kwa sauti za Kiswahili. Rais wa China, Xi Jinping, aliitaja alipohutubia Dar Machi 2013. Doudou ni nesi wa Beijing mwenye mama wakwe wawili, kwa kuwa baba mkwe alioa tena. Kwa maandishi tu, nani angejali vita ya wakwe hao? Bibi anachambua mchele, atasoma saa ngapi?

Mtafsiri, Ilala: Bibi ana haki yake, ila tafsiri ikipitia Kiingereza tunapotea. Chukua tamthilia za Kituruki: Mturuki humwita dada wa baba hala, dada wa mama teyze. Sisi tuna shangazi na mama mdogo au mkubwa. Kiingereza kina neno moja kwa wote, "aunt", basi kila mwanamke anageuka shangazi, halafu vipindi vya mbele "shangazi" anamwita baba wa mtoto shemeji! Chora kwanza mti wa ukoo. Na teyze halisemi kama ni mkubwa au mdogo, hivyo tazama mbele kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Wenye haraka hawafanyi hivyo.

Fundi sauti, Tabata: Kuna na mdomo. "Seni seviyorum" ya Kituruki ni silabi sita, "nakupenda" yetu nne. Mwigizaji anaongeza "sana" ili midomo ifunge pamoja, na penzi zito linakuwa salamu ya jirani. Afadhali avute pumzi kabla ya neno. Tena wauzaji wa tamthilia wasipotoa muziki na vishindo kando, ukifuta sauti za watu unafuta na sahani na nyayo. Watu wanaonekana wanakula ndani ya pipa.

Mleta mada: Hayo ni makosa ya studio, si ya sauti.

Mchangiaji, Kinondoni: Na kiziwi je? Mmemtaja bibi tu. Wekeni vyote viwili.

Mtafsiri, Ilala: Sawa, lakini maandishi ni mistari miwili, herufi kama 40 kila mmoja. "Wasiokubaliana" peke yake inakula 14. Lazima ufupishe. Na uyatoe kwenye maneno yaliyorekodiwa, si kwenye tafsiri ya mwanzo, la sivyo sikio linasikia "mama mdogo", jicho linasoma "shangazi".

Mleta mada: Kwa hiyo bibi na kiziwi watabishana sebuleni ni ndugu gani yule.