Yule fundi bomba mnayemjua leo kanigeuzia sebule kuwa ziwa, halafu kaniomba nauli

mtoto_wa_kibirizi
Wana Kigoma naandika hapa suruali imelowa mpaka magotini. Yule fundi, simtaji, wa Mwanga mnamjua wote, yule anayetembea na spana moja na maneno elfu, kanimalizia sebule halafu KANIOMBA NAULI YA BODA.

Nauli. Ya boda. Kasimama kwenye maji.

Tangi langu la samaki ni sentimita 180 kwa 60, nimeweka frontosa wa ziwa letu hili hili, wale wenye nundu kipajini na mistari, samaki ambao wenzetu Ulaya wanawafuata mpaka huku. Chini ya tangi kuna boksi la chujio, maji yanashuka yenyewe, pampu inayarudisha juu. Nilimwambia kwa mdomo wangu, fundi, bomba la kurudisha mdomo wake ukae karibu na uso wa maji, au toboa katundu chini kidogo ya usawa wa maji ili umeme ukikata livute hewa, maji yaache kurudi nyuma. Akanijibu mimi nimeanza bomba we hujazaliwa, akalizamisha sentimita 15, eti lisipige kelele. Akafunga na valvu ya kuzuia maji yasirudi, hiyo ndo kiboko boss.

Usiku umeme ukakata. Valvu imejaa mchanga na vikonokono, haikufunga. Sasa piga hesabu, kila sentimita ya tangi lile ni karibu lita 11, mara 15 ni lita 160 na ushee, boksi la chini lilibaki na nafasi ya lita 60 tu. Zinazobaki zote ziko kwenye zulia na chini ya makochi! Ekstensheni iko sakafuni imezama na mwanangu ndo huwa wa kwanza kuamka akawashe TV, umeme ungerudi saa ile sijui ningekuwa naandika nini hapa.

Nikamuita. Kaja, kakunja suruali, kachungulia, kasema "bomba halina kosa, kosa la umeme", halafu nauli.

Na ile tanki konekta, kile kiungo cha kupitisha bomba kwenye tundu la kioo, washa ya mpira kaiweka nje badala ya ndani upande wa maji, ilikuwa inadondosha tangu mwanzo, akaja akapaka silikoni juu juu kama siagi kwenye mkate. Nati kaikaza na spana mpaka kioo kinalia wakati pale ni mkono na robo mzunguko basi. Hayo yote ningemeza. Ila nauli?? Mimi niko kwenye maji, yeye yuko kwenye maji, mkono kaunyoosha!

Mgebuka_Mkavu
Ziwa liko hapo chini bure, we unafuga samaki sebuleni. Kaanga hao 😂

mtoto_wa_kibirizi
Frontosa hawakaangwi we mtu, usinichefue. Na sijauliza ushauri wa mapishi.

bintiKatubuka
Ni yule mwenye kofia ya njano? Kwetu alifunga choo, ukivuta maji yanatokea bafuni.

mtoto_wa_kibirizi
Huyo huyo dada. Alikuomba nauli?

bintiKatubuka
Alikunywa na chai.

chujio_la_ujiji
Mkuu pole. Valvu za namna ile hazitegemewi, uchafu kidogo tu imekwama. Zima pampu kwa makusudi mchana ukiwa umesimama hapo, uone boksi linapokea maji yote au linafurika. Na bomba la kushusha weka mawili, moja likizibwa na samaki au jani lingine libebe, maana pampu haijui kama kumeziba, yenyewe inasukuma tu mpaka tangi limwagike kwa juu. Waya za umeme nazo zining'inie chini ya soketi kwanza ndo zipande, tone lidondoke chini lisiingie kwenye plagi.

Mgebuka_Mkavu
Mmeanza darasa. Ulimpa nauli au hukumpa?

mtoto_wa_kibirizi
NILIMPA ELFU MBILI AONDOKE MBELE YANGU KABLA SIJAFUNGWA

Mgebuka_Mkavu
😂😂😂 kampa!

mnyamwezi_wa_cheyo
Nyie Kigoma mnalialia lita mia, huku Tabora fundi alinipandishia tenki la lita 2000 juu ya mbao za mninga akasema mninga hauozi, kweli mninga haukuoza, misumari ndo ilichomoka. Tenki likatua kwenye banda la kuku wa mama mkwe.

bintiKatubuka
Kuku walipona?

mnyamwezi_wa_cheyo
Jogoo tu. Mama mkwe mpaka leo salamu yangu anaitikia kwa kunipa mgongo.

mtoto_wa_kibirizi
Jamani mada ni nauli

mamaShamimu
Afadhali nyie mafundi wenu wanatokea. Fundi cherehani wangu kitambaa cha Idi anacho, Idi imepita, nimekutana na mkewe sokoni kakivaa!

bintiKatubuka
Kakivaa?? Mshono gani?

mamaShamimu
Ule ule niliomchorea. Na umemkaa kuliko ambavyo ungenikaa mimi, ndo kinachoniuma.

mnyamwezi_wa_cheyo
Tuma picha