Kurusha nzi bandia kwenye upepo wa Dar: anayeanza aanzie wapi?

Mkazi wa Mbezi aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimevua kwa mshipi wa mkono tangu nikiwa mdogo, kwa hiyo samaki na bahari si vitu vigeni kwangu. Hata hivyo, shemeji yangu aliyekuwa akiishi Uingereza ameniachia vifaa vya aina nyingine kabisa: ufito wa futi 9 ulioandikwa namba 5, rili ndogo ya kuzungushia mshipi, mshipi mnene wa rangi ya kijani, na kikasha cha nzi bandia, yaani chambo kilichotengenezwa kwa manyoya. Nikienda navyo Coco Beach jioni, mshipi hauendi popote. Unaanguka mbele yangu ukiwa umejikunja, na mara nyingine nzi ananigonga kofia akitokea nyuma. Ninaomba wenye uzoefu wanieleze ni kitu gani hasa kinachorushwa, maana nzi mwenyewe hana uzito, na kama vifaa hivi vinafaa kwa bahari yetu. Pia ningependa kujua ni wapi hapa mjini mtu anaweza kujifunza bila kuhatarisha macho ya wapita njia, na kama kibali kinahitajika.

Mzee wa Mjimwema alijibu:

Kinachorushwa ni mshipi wenyewe. Katika uvuvi uliouzoea, chubwi ndiyo yenye uzito na huivuta nailoni nyuma yake. Huku hakuna chubwi, uzito umesambazwa ndani ya mshipi mnene, na nzi hufuata tu. Ile namba iliyoandikwa kwenye ufito inahusu uzito huo: futi 30 za mwanzo za mshipi namba 5 zina takriban gramu 9, za namba 8 zina gramu 13 na ushee, na kila ufito hutengenezwa ili upinde ipasavyo kwa mzigo wa namba yake. Ukitoa futi 10 tu nje ya ncha, kama wafanyavyo wengi wanaoanza, ufito haupindi, na usipopinda hauna nguvu ya kurusha chochote. Toa angalau futi 25, uzitandaze mbele yako, kisha ndipo uanze.

Mshipi kuanguka ukiwa umejikunja kuna sababu moja kuu, nayo ni kutosimamisha ufito. Shika mpini ukiwa na dole gumba juu, anza ncha ikiwa chini karibu na maji, inua polepole huku ukiongeza kasi, kisha usimamishe mkono ghafla wakati ufito umepita sikio lako kidogo tu. Kule kusimama ndiko kunakoufanya ufito ujinyooshe na kuutupa mshipi nyuma. Ukiuacha mkono uendelee hadi ufito ulale mgongoni, mshipi utashuka mchangani, na utakaporudisha mbele utakuwa unavuta uzito uliolala badala ya uzito unaoruka. Baada ya kusimamisha, subiri mshipi unyooke kule nyuma. Geuza kichwa uutazame, hakuna sheria inayokukataza. Ukisikia mlio kama wa mjeledi, umewahi kurudisha, na huenda nzi amekatika. Mbele nako ni vilevile: ongeza kasi, simamisha, kisha shusha ncha taratibu ukifuata mshipi unavyotua.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mafunzo mengi ya mtandaoni hayawezi kukusaidia, kwa kuwa yametengenezwa na watu wa mito ya nchi za baridi. Hapa kwetu mwalimu ni upepo. Ufuo wa Coco unatazama mashariki. Wakati wa kusi, kuanzia takriban Mei hadi Septemba, ukisimama ukiitazama bahari upepo unatoka upande wako wa kulia, na kama unarusha kwa mkono wa kulia, basi kila unaporudisha mshipi unasukumwa kuelekea kichwani na mgongoni kwako. Hiyo ndiyo sababu ya nzi kukugonga kofia, na siku nyingine hatagonga kofia, atagonga shavu. Dawa yake ni mojawapo kati ya mbili: inamisha ufito upite juu ya bega la kushoto huku mkono ukibaki upande wake, au geuka uipe bahari mgongo, urushe mbele kuelekea nchi kavu, na uuachie mshipi uende baharini katika ule mrusho wa nyuma. Njia hii ya pili inaonekana ya ajabu lakini ni salama zaidi, kwa sababu mshipi unapita upande wa chini ya upepo muda wote. Kaskazi, kati ya Desemba na Machi, hutokea upande wa kushoto na kwa mbele, hivyo humwacha mwenye kutumia mkono wa kulia salama, ingawa humpunguzia umbali. Mwenye kutumia mkono wa kushoto ageuze haya yote.

Kwa vyovyote vile, achana na jioni. Upepo wa baharini huongezeka kadiri jua linavyopanda na kuipasha nchi kavu joto, na mchana huwa mkali. Alfajiri hadi karibu saa tatu asubuhi mara nyingi kuna umande, yaani upepo hafifu kutoka bara, au hakuna upepo kabisa. Ukichanganya hilo na hesabu ya maji, utapata wakati wako. Siku za bamvu, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya Dar hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kuanza kujaa upepo ukiwa umeshaamka. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa taratibu tangu alfajiri hadi mnamo saa nne, na mkondo wake si wa kutisha. Asubuhi ya maji mafu ndiyo ninayompendekezea kila anayeanza, hata kama wavuvi wa kawaida huzidharau siku hizo. Samaki wadogo husogea na maji yanayojaa juu ya mwamba na nyasi za bahari, na wakubwa huwafuata.

Kuhusu vifaa, namba 5 ni ya trauti kwenye mito, kama ile ya Nyanda za Juu Kusini ambako samaki hao walipandikizwa wakati wa ukoloni. Baharini utahitaji namba 8, rili isiyoliwa na chumvi, na mshipi uliotengenezwa kwa ajili ya nchi za joto, kwa sababu mshipi wa nchi za baridi ukipata jua letu hulegea na kunata kwenye pete za ufito. Lakini usinunue chochote kwanza. Chukua huo huo namba 5 uende nao kwenye kiwanja cha mpira asubuhi, fungia kipande cha uzi wa sufu badala ya nzi, na urushe hadi mshipi unyooke mbele na nyuma bila kulazimisha nguvu. Majani yanafaa kuliko lami, ambayo huchubua mshipi.

FundiNyoya alijibu:

Ninakubaliana na Mzee wetu karibu katika yote, isipokuwa suala la kuweka namba 5 kando. Ndani ya hori zilizojificha, kwa mfano pembezoni mwa mikoko ya Kunduchi, upepo hupungua na samaki wengi ni wadogo: chuchunge, mzia wachanga, kolekole wa kutosha kiganja. Kwa hao namba 5 inatosha kabisa, mradi uitumie na nzi mwepesi na uisuuze kwa maji yasiyo na chumvi mara tu unapofika nyumbani, rili ikiwa imefunguliwa. Angalizo ni kwamba mikoko hukamata mshipi wa nyuma, kwa hiyo simama mahali penye uwazi mgongoni.

Hao nzi wa kwenye kikasha chako waweke akiba. Wengi wao huiga wadudu wa mtoni, na ndoana zao za chuma cha kawaida zitashika kutu haraka baharini. Samaki wetu hula dagaa, kamba na kaa wadogo, kwa hiyo unachotakiwa kuiga ni dagaa. Nzi wa aina hiyo anayejulikana zaidi alibuniwa na Bob Clouser wa Pennsylvania, Marekani, katika miaka ya 1980, na siri yake ni macho mazito yanayofungwa upande wa juu wa shina la ndoana, ambayo humfanya nzi apinduke akiwa majini na ncha ya ndoana itazame juu, isinase mwambani ovyo. Mimi hutumia ndoana isiyoshika kutu namba 2, na macho ninayatengeneza kwa punje mbili za mnyororo wa kizibo cha sinki unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Mwili ninaufunga kwa nywele bandia za kusukia kutoka Kariakoo, nyeupe chini na kijivu juu, ndefu mara mbili ya ndoana, pamoja na nyuzi chache za mapambo ya Krismasi yanayong'aa katikati. Weka nywele chache kuliko unavyodhani zinatosha. Zikiwa nyingi nzi hufyonza maji, huwa mzito kurusha, na hachezi. Mwisho funga kwa uzi wa cherehani na tone la gundi. Wavuvi ninaowafahamu Kunduchi hufunga unyoya mweupe wa kuku kwenye ndoana za kuvulia vibua, kwa hiyo hawakunishangaa waliponiona.

Bana kile kijino cha ndoana kwa koleo kabla ya kurusha. Samaki wachache watachomoka, lakini siku nzi atakapoingia sikioni utamtoa mwenyewe. Na miwani usiivue kamwe.

Mkazi wa Mbezi aliandika tena:

Shikamoo Mzee, na ahsante FundiNyoya. Nimefanya mazoezi kiwanjani na mshipi sasa unanyooka, hasa nilipoanza kuutazama ukienda nyuma. Nikaenda Kunduchi asubuhi. Samaki walimfuata nzi, wawili wakamgusa, lakini kila nilipoinua ufito kwa nguvu walikuwa wameshaondoka. Je, tatizo ni ndoana niliyoibana?

Mzee wa Mjimwema alijibu:

Marahaba. Tatizo si ndoana, ni kuinua ufito. Ncha ya ufito ni laini, haina nguvu ya kuipenyeza ndoana, na unapoiinua unamnyang'anya samaki nzi kutoka mdomoni. Weka ncha karibu na maji ikielekea kwa nzi, pitisha mshipi chini ya kidole cha shahada cha mkono wenye ufito, na uvute kwa mkono mwingine kwa mivuto mifupi. Samaki akigusa, endelea kuvuta kwa mkono huo huo, mvuto mmoja mrefu na imara, ufito ukiwa hapo hapo chini. Akikosa, nzi atakuwa amesogea kidogo tu na mara nyingi atarudiwa. Inua ufito pale tu unapouhisi uzito wake. Wewe uliyevua kwa mshipi wa mkono unayo tayari mazoea hayo. Ufito ndio uliokusahaulisha.

Unapotembea majini vaa viatu na uburute nyayo, usizinyanyue, ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, akiwa amejifukia mchangani akusikie akimbie.

Msomaji wa Kanuni alijibu:

Naona suala la kibali limepitwa. Uvuvi wa burudani nao unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake za mwaka 2009, na leseni yake ipo. Nenda ofisi ya uvuvi ya manispaa yako ukaulize ada ya sasa, badala ya kutegemea takwimu za mitandaoni ambazo hupitwa na wakati. Muhimu zaidi ni mahali: visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari, na kuvua humo hairuhusiwi hata kama unamwachia samaki. Kunduchi ipo jirani sana na Mbudya, kwa hiyo ukikodi ngalawa mweleze nahodha mapema kwamba unataka kubaki upande wa bara.