Mimi ni nesi, mgonjwa anaomba nimsomee Neno na nimekatazwa. Naombeni ushauri

MamaNeema_Mby:
Habari zenu wapendwa. Ni nesi hospitali ya serikali, wodi ya wanaume, na nimeokoka. Kuna mzee tumemlaza na kidonda cha mguu, kisukari, chini ya mto ana Agano Jipya la maandishi madogo sana na macho hayamruhusu tena, usiku dawa zikishatolewa ananiita "binti nisomee kidogo", basi namsomea. Sasa vitanda vya jirani nao wakaanza kutega sikio, mmoja akaniuliza kuhusu yule mgonjwa wa Bethzatha aliyeponywa na Yesu, aliyeugua miaka 38, alipona ghafla au pole pole, maana na yeye kalala muda mrefu. Juzi inchaji kaniita, ndugu wa mgonjwa fulani kalalamika, hapa wodi sio kanisa, niache mara moja. Jamani Paulo anauliza, "wamwaminije yeye wasiyemsikia?" na mimi ndo niko nao usiku kucha. Ila ajira naihitaji, watoto wanasoma. Nifanyeje?

Mlinzi_33:
Dada endelea. Soma Ezekieli 33, mlinzi asipoonya damu inatakwa mkononi mwake. Petro na Yohana walikatazwa na baraza zima wakasema hawawezi kuacha kunena waliyoyaona na kuyasikia. Watu wanakufa humo wodini kila siku, utamwambia nini Bwana, kwamba inchaji alikukataza?

Sele_Pangani:
Mimi Muislamu naomba niseme kwa heshima. Nilishalazwa nimetoka kufanyiwa opresheni, mshono mbichi, nesi akasimama akanisomea Yohana mpaka mwisho wa sura. Alikuwa mtu mwema na alinihudumia vizuri sana, lakini dripu iko mkononi naenda wapi? Na nikimwambia basi, nitaogopa kesho nikiita kwa maumivu asije. Mgonjwa anamtegemea nesi hata kwa maji ya kunywa, hawezi kukwambia hapana kama mtu wa barabarani. Huyo mzee kaomba mwenyewe sawa, mimi sikuomba.

Mwinjilisti_Rungwe:
Sele umesema jambo zito, ahsante ndugu yangu. Mlinzi, baraza liliwakataza mitume wasilitaje kabisa jina la Yesu, huyu dada amekatazwa kusomea wodi nzima akiwa kazini, sio kitu kimoja. Someni Matendo 8. Towashi wa Kushi alikuwa tayari anasoma Isaya, Filipo akamuuliza "Je! Yamekuelea haya unayosoma?" na yule ndiye aliyemsihi apande garini akae naye, Filipo hakurukia gari la mtu. Na Petro anayetuagiza tuwe tayari kujibu kila anayetuuliza, hapo hapo kaweka "kwa upole na kwa hofu". Hata Katiba yetu ibara ya 19 inasema kutangaza dini ni huru na ni hiari ya mtu, basi hiari ni pamoja na ya anayesikiliza. Jukumu la kulipeleka Neno halifutwi na uniform, ila uniform inakupa nguvu juu ya mgonjwa na hiyo nguvu usiitumie kuhubiri.

nesi_mwenzio:
Nipo kazi hii muda mrefu shoga. Ongea na watoto wa mzee, wamwekee Biblia ya sauti kwenye simu na hedfoni, anasikiliza Zaburi hata saa nane usiku na hamsumbui mtu. Wewe ukitoka zamu vua uniform, njoo saa ya kuona wagonjwa kama mgeni, kaa kitandani kwake soma kwa sauti ndogo. Na mwambie inchaji mapema asisikie kwa watu. Mchungaji wa mzee naye apewe taarifa aje.

MamaNeema_Mby:
Mungu awabariki, na Sele pia, sikuwahi kuliangalia upande wa aliyelala. Watoto wake wanakuja jumamosi nitaongea nao. Ila yule wa Bethzatha anasubiri jibu langu, nimnyamazie?

Mwinjilisti_Rungwe:
Huyo kauliza mwenyewe. Mjibu, Yohana 5:9, mara akawa mzima. Halafu kaa umsikilize, anayeuliza hivyo ana lingine moyoni.