Naomba mwongozo: kupiga kayaki ziwa la milimani likizo ya mwezi wa sita, familia kutokea Dar

DadaWaTabata

Wakuu habari za jioni. Shule zikifunga mwezi wa sita nataka nitoke Dar na wanangu wawili, wa miaka 12 na 15, pamoja na mdogo wangu wa kiume, twende kwenye ziwa lenye milima tupige kayaki. Sio kupakiwa kwenye boti mtu mwingine anaendesha, hapana, tushike kafi wenyewe. Wazo ni la huyu mkubwa, alipanda kayaki na rafiki zake ufukweni Kigamboni, tangu siku hiyo hana habari nyingine, na mimi nimefurahi sana kuona ameweka simu chini kwa sababu ya kitu kama hiki, kwaiyo nataka kumtimizia.

Nshasikia Duluti, Momela na Chala, afu kuna jirani kaniambia Nyasa ndo kila kitu. Watoto wote wanaogelea vizuri swimingi puli, mimi naogelea kiasi. Tutapanda basi, gari hatuna. Lipi linafaa watu ambao bado wanajifunza? Na baridi ya huko ikoje, maana sisi kipupwe chetu ni kuzima feni tu.

Mtengeru

Karibu sana dada. Bila kuzunguka, anzeni na Duluti.

Duluti ni ziwa dogo ndani ya kreta ya volkano, lipo hapa Tengeru, kama kilomita 15 kabla hujafika Arusha mjini ukitokea Moshi. Kuta za kreta zimejaa msitu mpaka chini kwenye maji, ni hifadhi ya msitu iko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), na huo msitu ndo unawafaa nyie kwa sababu unakinga upepo. Asubuhi maji yametulia kabisa. Mtoto anayejifunza akikosea kupiga kafi anazunguka tu palepale hapelekwi kokote, na hata akienda ng'ambo bado unamuona na mkiitana mnasikilizana. Kwangu mimi hiyo ni sababu kubwa kuliko mandhari, ingawa mandhari nayo ipo, furukombe anakaa juu ya mti kavu anaangalia maji, mdiria wanapiga mbizi mbele ya kayaki, na kenge utawakuta wamejilaza kwenye magogo wanaota jua.

Basi lenu la Arusha linapita hapa barabarani, mwambieni konda mapema awashushe Tengeru msije mkapelekwa mjini bure, afu mnachukua bodaboda au bajaji, sio mbali. Ikiangukia Jumamosi mtakuta na soko la Tengeru, ndizi na parachichi mnabeba mpaka mnachoka.

Kuhusu baridi ngoja niseme ukweli maana watu wa Dar wanafika huku na kaptula. Mwezi wa sita na wa saba ndo baridi yetu hasa. Duluti ipo karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, usiku inashuka mpaka nyuzi 12 hivi au chini ya hapo, na asubuhi nyingi kunaamka na wingu zito, Mlima Meru huuoni mpaka mchana au huuoni kabisa siku hiyo. Kwaiyo waambie watoto mapema wasijenge picha ya mlima unaong'aa juu ya maji, wakiupata ni bahati njema. Mvua lakini inakuwa imeshaisha, masika inatuachia mwezi wa tano.

Msivae jinzi wala tisheti nzito za pamba majini, zikilowa hazikauki na zinakunyonya joto lote. Vaeni nguo nyepesi za michezo zile za kitambaa cha polyester, juu yake koti la upepo, na kila mtu awe na seti nzima ya nguo kavu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri.

Nahodha_Msasani

Mtengeru kasema vizuri kuhusu ziwa, mimi niongelee kitu cha kufanya kabla hamjaondoka Dar, na naomba dada hapa unisikilize sana. Kuogelea puli ni jambo moja, kurudi juu ya kayaki iliyopinduka ni jambo lingine kabisa. Mjifunze hukuhuku kwenye maji ya vuguvugu, sio mkakutane nalo mara ya kwanza kwenye maji ya baridi ya mlimani.

Tafuteni asubuhi ya maji mafu, yaani siku bahari haijai wala haikupwi sana, sio bamvua, maana siku za bamvua maji yanakupwa kwa nguvu na yanakuvuta nje. Muingie saa moja asubuhi ndani ya ghuba, mtoke kabla kusi, upepo wa kutoka kusini, haijaanza kuchangamka, miezi hii ikifika saa nne tano huko nje ni mawimbi tu. Kodini kayaki zile za kukaa juu, ambazo hazina shimo la kuingiza miguu, afu pindueni makusudi. Ikipinduka usipande kwa omo (mbele) wala kwa tezi (nyuma), nenda ubavuni katikati. Nyoosha mkono ushike ukingo wa upande wa pili, ivute ijirudishe. Sasa piga miguu kama unaogelea mpaka mwili wako ulale kwa juu, usikazanie kujivuta kwa mikono, mikono peke yake itachoka. Ukishalala kifudifudi na kitovu kipo katikati ya kayaki, jigeuze taratibu makalio yaingie kwenye kiti, miguu inafuata mwisho. Rudieni mpaka yule wa miaka 12 anafanya mwenyewe bila kusaidiwa. Na kafi usiiachie, ikienda na maji umebaki na gogo.

Jaketi okozi ni kwa kila mtu na muda wote, hata anayeogelea kama samaki. Mkilifunga, mtu mwingine asimame nyuma yako ashike mabegani alivute juu kwa nguvu. Likipanda mpaka masikioni ni kubwa au hujakaza mikanda. La mtoto linachaguliwa kwa kilo zake, ipo imeandikwa ndani, usikubali kupewa la mtu mzima eti atalikulia.

Kupiga kafi wengi wanatumia mikono tu ndo maana baada ya nusu saa mabega yanawaka. Weka kafi juu ya kichwa, viwiko vikunje kona ya nyuzi 90, hapo ulipokamata ndo pa kukamatia. Afu zungusha kiwiliwili, chomeka karibu na vidole vya miguu, toa ikifika usawa wa nyonga.

Mnyakyusa_wa_Kyela

Huyo jirani yako hajakosea dada, Matema, ufukwe wa Ziwa Nyasa, pale milima ya Livingstone inashuka mpaka mchangani, hamna sehemu nzuri kama ile nchi hii na nasema hivyo nikiwa na akili timamu. Ila sio mwezi wa sita kwa watu wanaojifunza. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane upepo wa kusini mashariki, wavuvi wanauita mwera, unapita ziwa zima kwa urefu na mawimbi yanakuwa kama ya bahari, na ziwa lina kina cha mita 700 huko katikati. Njooni siku nyingine watoto wakishakomaa, mtapanda treni ya TAZARA mpaka Mbeya na njia yenyewe ni starehe. Afu mkiwa Mbeya mtapanda na Ngosi, ziwa la kreta kwenye milima ya Poroto, pale hakuna kayaki maana njia ni ya miguu msituni na ukuta umesimama, mnalitazama kwa juu tu, lakini mtoto hatasahau.

DadaWaTabata

Asanteni sana wakuu, hata sikutegemea maelezo ya namna hii, Nahodha nimekopi yote nimemtumia mdogo wangu. Sasa Duluti nimeikubali. Ila huyu mkubwa anauliza kama siku ya pili tunaweza kwenda Momela kwa sababu ya wanyama, na mimi neno viboko linanitisha. Na Chala je?

Mpagazi_Meru

Momela ipo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, mnakatia Usa River, kwaiyo kutoka Tengeru hamrudi mbali. Kule huingii majini mwenyewe, kayaki na mitumbwi ni Momela Ndogo na mnatoka na mwongozaji. Viboko wapo kweli. Kiboko usiku anatoka kula nyasi, alfajiri anarudi majini, hatari kubwa ni mtu kukaa katikati yake na maji yenye kina anakokimbilia. Mwongozaji anajua kundi limelala upande gani na atawapitisha mbali nalo, akisema tugeuze mnageuza hapohapo bila kubishana, na watoto muwaambie hivyo kabla. Mkitulia mtaona nyati na twiga wamekuja kando ya maji, na maziwa ya jirani yana heroe (flamingo). Kila ziwa pale lina rangi yake kwa sababu madini na mwani vinatofautiana, na maji yake yana magadi hayanyweki, bebeni ya kunywa.

Watu wazima mje na vitambulisho vya NIDA, na watoto vyeti vya kuzaliwa, ili mlipe bei ya Mtanzania, na malipo ni kwa kontroli namba sio keshi getini.

Chala mimi nisingewapeleka safari hii. Ni pazuri mno, maji yanatoka Kilimanjaro kwa chini ya ardhi, rangi inabadilika bluu mpaka kijani, mpaka wa Kenya umepita katikati ya ziwa. Lakini kuta zimesimama, mtu akichoka upande wa pili hakuna pa kupumzikia kirahisi, kina kinafika karibu mita 90, na mwaka 2002 mamba aliua mtu pale. Subirini.

Nesi_wa_Mbagala

Naongezea kidogo wapendwa. Maziwa mengi ya maji baridi nchini yana kichocho, konokono wanaokibeba wanakaa kwenye maji yaliyotulia yenye majani kandokando, palepale watu wanaposhushia kayaki. Msicheze muda mrefu ukingoni, mkitoka jifuteni kwa taulo kavu haraka. Wiki sita mpaka nane baada ya kurudi mkapime mkojo na choo wote, hata kama hakuna anayeumwa. Dawa ni prazikwanteli, inatibu vizuri ila usinywe kwa kubahatisha.

DadaWaTabata

Nimeelewa nesi wangu, Mungu awabariki. Basi mazoezi Msasani kwanza, afu Duluti siku mbili, halafu Momela. La mwisho, nikipata kayaki za watu wawili wawili nani akae mbele?

Nahodha_Msasani

Mwenye nguvu na mzito anakaa nyuma, ndo anayeelekeza. Wa mbele ndo anaweka mwendo wa kafi, wa nyuma anamfuata, la sivyo kafi zitagongana kila saa. Wewe kaa nyuma ya mdogo, mjomba akae nyuma ya mkubwa, afu kabla hamjaondoka ukingoni wekeni namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji kwenye simu zote, na simu moja iwe kwenye mfuko usioingia maji umeufunga kwenye jaketi lako, sio ndani ya kayaki.