Bustani ya mimea isiyo na majina ya mimea: kiingilio tunalipia nini?

Wakuu, habari za jioni. Nimerudi leo na hasira, mnivumilie.

Nilipeleka watoto, wangu na wa dada yangu, kwenye bustani moja ya mimea. Ni shamba la kale lililogeuzwa bustani, lina miti mikubwa kwelikweli. Jina silitaji, na kabla hamjaanza kukisia, si ile bustani ya Amani kule Tanga. Getini tulilipa, wakubwa bei yao na watoto bei yao, kisha tukaambiwa mwongozaji analipwa pembeni. Sikubishana, nilijua nalipia elimu.

Ndani hakuna majina. Unatembea katikati ya miti iliyotoka pande zote za dunia na hakuna kibao kinachosomeka. Kwenye mti mmoja nilikuta kipande cha bati kilichopigiliwa msumari miaka hiyo. Gome limekua likakimeza, zimebaki herufi nne na kutu. Shina hunenepa, hilo kila mkulima analijua. Ndiyo maana bustani zinazojali hufunga kibao kwa waya wenye springi, au hukisimika ardhini kwenye kigingi. Ni kazi ya mafundi wawili na siku chache!

Binti wa dada yangu yuko darasa la sita. Alikuja na daftari amelipigia mistari kabisa: jina la mti, ulikotoka, kazi yake. Tulipofika kwenye mkakao uliozaa, matunda yananing'inia kwenye shina lenyewe, akauliza kwa nini hayatoki matawini. Swali zuri hilo. Akajibiwa, "Ndivyo ulivyo, twendeni." Hakuambiwa kwamba maua yake madogo hutoka kwenye gome na kuchavushwa na vidudu jamii ya usubi wanaozaliana kwenye majani yanayooza chini ya mti. Hakuambiwa hata kwamba asili yake ni Amerika ya Kusini. Mbele kidogo tukaoneshwa mwarobaini na kuambiwa ndio unaotoa kwinini. Jamani! Kwinini hutoka kwenye gome la mkwinini, mti wa milima ya Andes, na Wafaransa Pelletier na Caventou waliitenga kwenye gome hilo mwaka 1820. Mwarobaini ni mti wa bara Hindi, hauhusiani kabisa. Simlaumu yule kijana aliyetuongoza. Hakuna aliyemfundisha, na hakuna kibao ambacho angekisoma akajua. Namlaumu aliyempa kazi hiyo na kumwacha hivyo.

Sasa nije kwenye mdalasini, hapa ndipo niliposhindwa kuvumilia. Kila kundi linalopita, mwongozaji anachomoa kisu, anabandua kipande cha gome, watu wananusa, wanapiga picha, wanaondoka. Nilisogea nikaukagua mti. Kuanzia magotini hadi kifuani shina ni makovu matupu, na upande mmoja yameungana karibu kulizunguka lote. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia kwenye gome. Ukilibandua likazunguka shina zima, mizizi inakufa njaa na mti unakauka. Wakulima wa mdalasini hawafanyi hivyo. Wanakata mti chini, unachipua vijiti vingi, vikikomaa vinakatwa na kumenywa, na kisiki kinachipua tena. Bustani ingekuwa na vichaka vya namna hiyo pembeni, wageni wangenusa mpaka wachoke, na mti mkubwa ukabaki salama. Nilipomwambia kijana, akasema ameukuta unafanyiwa hivyohivyo.

Kilichonitisha zaidi ni mbegu. Binti yangu mdogo wa miaka minne alikuja amefumba kiganja. Kufumbua, ni zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi ambazo watu hutungia shanga. Zilikuwa zimetapakaa njiani chini ya mmea wake. Mbegu hizo zina sumu kali, na ikitafunwa inaweza kuua. Nilimpangusa mikono nikatetemeka. Mwongozaji akasema, "Za urembo tu hizo, hazina shida." Mnaelewa sasa kwa nini napigia kelele vibao?

Bustani ya mimea inatofautiana na bustani ya kupumzikia kwa kitu kimoja, kumbukumbu. Mmea huu ni nani, ulitoka wapi, ulipandwa lini. Wajerumani walipoanzisha kituo cha Amani mwaka 1902 walikuwa wanawatumikia wakoloni wenzao, sina sababu ya kuwasifia, lakini waliandika. Mkonge nao, tunajua Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, aliagiza miche 1,000 mwaka 1893 na kwamba iliyofika hai ni 62 tu, kwa sababu kuna mtu alihesabu na kuandika. Miti ya hiyo bustani niliyotoka leo, wazee waliojua nani aliipanda wanaondoka mmoja mmoja. Hakuna aliyekaa nao na kalamu.

Niliomba kuonana na msimamizi. Akanijibu kwamba wengi wanakuja kupiga picha za harusi, vibao hawasomi. Watasoma nini wakati havipo? Na pesa ya hizo harusi inaenda wapi kama haitoshi hata bati na rangi? Vyoo sivisemi, wenye kuvijua wanavijua.

Nimemwandikia barua nikaiacha ofisini kwake: mdalasini upumzishwe leo hii, ule mmea wa mbegu nyekundu uzungushiwe uzio na tangazo la hatari, vibao vianze na miti mikongwe. Nitafuatilia.

Waliofika bustani ya Amani au ile ya Entebbe, Uganda, hivi karibuni naomba mseme ukweli, vibao vipo? Mwongozaji anaijua miti yake? Likizo ya Desemba nataka kuwatoa tena hawa watoto, na safari hii silipi getini kabla sijauliza.